Hatari Mpendwa

Onyo la kwanza lilitokea Fundi akiwa na sindano mdomoni, na nusura aimeze.

Lilichomoza kwenye pembe ya chini ya laptopu, upande wa kulia, likilia king'ora kama gari la wagonjwa. Kijisanduku chekundu, fuvu la kichwa kando, na maandishi ya mtu ambaye Kiswahili alikisomea dirishani: HATARI MPENDWA! UNA VIRUSI 5. BONYEZA HAPA.

Fundi akaitoa sindano, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, akakodoa macho. Halafu akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyemdaka mwizi mkono ungali mfukoni.

"Shemeji huyo," akasema peke yake. "Na safari hii hanipati."

Shemeji alikuwa mdogo wa mumewe, kinyozi, duka lake limetazamana na nyumba yao, katikati barabara tu. Mtu mzima na ndevu zake, lakini mizaha ilikuwa imemganda kama harufu ya spiriti. Ndiye aliyewahi kutia chumvi kwenye kopo la sukari, akakaa pale pale akinywa chai ya chumvi kwa raha zake, mradi awaone wenzake wakikunja uso. Ndiye aliyebadilisha picha ya mbele ya laptopu hiyo hiyo akaweka mjusi, mkubwa, macho yamemtoka, na Fundi akampiga ndara yule mjusi kabla akili haijafika. Sasa fuvu jekundu litoke kwa nani mwingine?

Dawa ya mtu wa mizaha ni moja: usimuulize. Ukimuuliza umemlipa. Kwa hiyo Fundi hakuuliza. Kijisanduku kiliporudi tena na tena, alizima sauti, akachukua kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suruali ya mtu, akakikata mraba, akakipinda ukingo vizuri (hata kiraka cha kuficha upuuzi hakitoki mkononi mwa fundi kikiwa na nyuzi zinazoning'inia), kisha akakibandika kwa utepe wa gundi kwenye pembe ile ya skrini. Basi. Virusi vitano vikalala chini ya shuka.

"Naona kompyuta umeivisha nguo," Shemeji alisema siku alipokiona.

"Inasikia baridi," Fundi akajibu, huku anamtazama usoni kumngoja acheke.

Hakucheka. Aliguna tu akaenda zake. Fundi akajisemea moyoni: looh, huyu naye kakomaa.

Wakati huo Fundi hakuwa na nafasi ya michezo. Chumba alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa sebule ya Mama, yaani mama mkwe wake, na Mama alikitoa kwa masharti. Mashine ya kudarizi, ile inayomeza nyuzi za rangi sita kwa mpigo na kufuata amri za laptopu, ilikuwa kubwa kama jiko la hoteli. Ikabidi makochi ya Mama yahamie koridoni, yamefunikwa mashuka kama wagonjwa, na kila aliyekwenda msalani aliyasalimia kwa ugoko. Mume wa Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa ya kusafiri, aliporudi likizo alijigonga mara mbili kabla hajavua viatu.

"Nimekupa chumba, mkamwana, sijakupa nyumba," Mama alikuwa amesema. "Kazi ikisimama, kaa. Isiposimama, makochi yangu yanarudi ndani, nami narudi kupokea wageni wangu kama mtu mwenye heshima zake."

Kazi ndogo ndogo zilikuwepo: jina kwenye taulo, ua kwenye foronya. Lakini kazi ndogo haisimamishi chumba, na Mama alikuwa ameanza kupiga mashuka ya makochi vumbi kila asubuhi, pole pole, huku anachungulia mlangoni.

Ndipo akaja Bwana Breki.

Huyu alikuwa mwenye chuo cha udereva, na jina lake la kuzaliwa sidhani kama kuna mtu aliyelikumbuka. Maisha yake yote alikaa kiti cha pembeni akipiga kelele "Breki! Breki!", mpaka hata akitembea kwa miguu, mguu wa kulia ulikanyaga ardhi kwa nguvu kuliko wa kushoto. Alikuwa anafungua uwanja mpya wa mazoezi siku ya Jumamosi, wageni wamealikwa, na alitaka walimu wake wote wavae fulana za kola zenye nembo ya chuo kifuani: usukani mweusi, jina la chuo limeuzunguka.

"Zikitoka vizuri, Fundi, nakuletea na za wanafunzi. Na vile vizibao vinavyong'aa. Vyote vinakuja kwako. Zikitoka vibaya..." Hakumalizia. Mguu wa kulia ukamalizia, ukakanyaga sakafu.

Mama, aliyekuwa koridoni anapiga vumbi kochi ambalo halikuwa na vumbi, alisikia kila neno.

Fundi alikuwa na njia yake ya kufanya kazi. Mteja akituma picha, yeye huikuza mpaka ijae skrini, huipiga picha hapo hapo kwa kitufe, na hiyo ndiyo anayoitia kwenye programu inayogeuza rangi kuwa mishono. Wako wanaofuata njia ndefu. Yeye hakuona haja. Picha ikijaa skrini, imejaa. Akaukuza usukani wa Bwana Breki, akautazama ulivyonona, akabonyeza kitufe.

Lakini kompyuta haina habari ya viraka. Ilipiga picha ya kila kilichokuwepo, pamoja na vilivyolala chini ya shuka. Na kwenye programu ya mishono picha ikakaa vile vile, imejaa vile vile, na pembe ile ile ikaingia chini ya kiraka kile kile. Programu ikaliacha fuvu na sanduku lake, ikashika herufi tu; Fundi akaikubali, mashine ikaanza kupiga tatatata.

Fulana hufungwa kwenye fremu kichwa chini, kwa hiyo kila kitu hushonwa kikiwa kimepinduka. Fundi aliona herufi nyekundu zinatoka chini ya usukani, ndogo ndogo, akainamisha shingo, akasoma la kwanza: HATARI. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Udereva na hatari ni pete na kidole. Akageuka kuangalia uzi mweupe uliokuwa unakatikakatika, na uzi unaokatika ni kama mtoto anayelia, hakuachi usome gazeti.

Mama ndiye aliyejitolea kukata vinyuzi vilivyobaki. Alisema anafanya tu kwa kuwa hana la kufanya, lakini kufika siku ya pili alikuwa ameshajipatia mkasi wake, na asiguse mtu.

"Haya mekundu ya chini yanasemaje?" aliuliza. Miwani yake ilikuwa pale inapokaa siku zote, yaani hapajulikani.

"Hatari, sijui nini na nini. Mambo ya barabarani hayo, Mama."

"Vizuri. Watu wakumbushwe."

Ijumaa mchana fulana zote zilikuwa tayari, zimepigwa pasi, zimekunjwa, zimepangwa mezani kama mikate. Mama alikuwa amezigusa kila alipopita. Ndipo Shemeji akaingia kuazima pasi, akaiona iliyo juu kabisa, ile kubwa ya Bwana Breki mwenyewe, na mtu wa mizaha akiona nguo kubwa hawezi kujizuia. Akaivaa juu ya joho lake la kinyozi, akatoa tumbo mbele, akakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia.

"Breki! Wewe mama, nimesema breki, sijasema honi! Huo ukuta wa watu umekukosea nini?"

Mama akacheka mpaka akashika meza. Hata Fundi alicheka. Shemeji naye akainama kujitazama kifua, na mguu wa breki ukabaki hewani.

"Shemeji," akasema. "Huyu mzee siku hizi ni mganga?"

"Kwa nini?"

"Kifuani ameandika, 'Hatari mpendwa, una virusi vitano. Bonyeza hapa.'"

Fundi akairukia meza. Akaichukua fulana nyingine, akaifunua. Hatari mpendwa. Akafunua ya tatu. Hatari mpendwa. Rundo zima lilikuwa linamwita mpendwa.

"Umenimaliza, shemeji," akasema. "Chumvi nilikunywa. Mjusi nilimpiga. Lakini hili ni tonge langu umelitia mchanga."

"Mimi? Nimefanya nini mimi?"

"Hivyo virusi vyako! Ulivyonitilia kwenye kompyuta!"

"Sijatia kitu! Naapa kwa mashine zangu zote za kunyolea."

"Unaapa na unacheka."

"Nacheka kwa sababu inachekesha! Bonyeza hapa, shemeji, kifuani kwa Bwana Breki! Lakini si mimi."

Fundi akamgeukia Mama kama mtu anayetafuta hakimu. Mama akainua mkasi kuomba kimya.

"Huyu nimemzaa mimi," akasema. "Akidanganya, sikio la kushoto humcheza. Tangu mdogo. Mtazame."

Wote wawili wakalitazama sikio. Shemeji akasimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Sikio lilitulia tuli kama limegandishwa.

Fundi akaenda kwenye laptopu, akabandua kiraka. Huko chini, maonyo yalikuwa yamerundikana moja juu ya jingine kama nguo za kufua. Jekundu, jekundu, fuvu, fuvu. La juu kabisa lilikuwa limeongeza mshale unaopepesa.

"Kumbe kweli una virusi," Shemeji akasema, sasa bila kicheko. Akanyoosha kidole. "Ngoja nikubonyezee, vitoke."

Fundi akaupiga mkono wake kofi. "Mtu anakuita mpendwa na jina lako halijui, nawe unamfuata?"

"Wameandika wanaokoa."

"Anayekuokoa haji na fuvu." Akasogeza uso karibu na skrini. Hasira ilikuwa imempa macho makali. Na kwa macho hayo akaona kitu ambacho tangu mwanzo hakuwahi kukitazama: chini kabisa ya kijisanduku, kwa herufi za kijivu zilizojificha kama kunguni, palikuwa na jina la tovuti. Akalisoma. Akalisoma tena kwa sauti. Kisha akageuka pole pole.

"Hii si ile tovuti ya mpira wa bure? Ile unayokuja kuangalia hapa Jumatatu, siku duka lako limelala?"

Sikio la kushoto likacheza.

"Ahaa!" Mama akapiga makofi.

"Sikufanya makusudi!" Shemeji akajitetea. "Kuna siku iliniuliza kitu kabla ya kufungua. Ruhusu au Zuia. Nami nikasema ruhusu."

"Uliruhusu nini?"

"Sikusoma. Kulikuwa na penalti, shemeji! Mtu anasoma vipi na penalti inapigwa?"

Fundi akaketi. Kumbe mzaha haukuwepo. Palikuwepo mtu aliyefungua mlango bila kuuliza nani anabisha, na mwingine, yeye mwenyewe, aliyeona wageni ndani akawafunika shuka. Wakaingia pamoja kwenye mipangilio ya kile kiprogramu cha kufungulia mtandao, wakapekua mpaka wakafika panapoitwa Arifa, na hapo wakaikuta ile tovuti imekaa kwenye orodha ya walioruhusiwa, miguu juu ya meza. Wakabonyeza Ondoa. Vijisanduku vikatoweka vyote kwa mara moja, kama wadeni waliomwona mwenye duka. Kisha wakaamsha programu ya ulinzi iliyokuja na laptopu tangu dukani, ikapita kila pembe, ikarudi na jibu: hakuna kilichopatikana. Virusi vitano havikuwahi kuzaliwa. Vilikuwa maneno tu, ya kumtisha mtu abonyeze, na akibonyeza ndipo wamshike.

"Ungeniuliza siku ya kwanza," Shemeji akasema.

"Nilijua nikikuuliza utafurahi."

"Ningefurahi kweli. Lakini ningekwambia si mimi."

Kompyuta ikawa nzima. Fulana bado zilikuwa zinahubiri.

Fundi alichukua kisu chake cha kufumulia, akaanza na herufi moja. Mishono ya herufi ndogo husongamana kama watu kwenye foleni. Kutoa mmoja ni kugombana na wote. Alipomaliza H, kitambaa kilikuwa kimeanza kuchoka na Mama alikuwa amemaliza kupiga miayo. Kwa mwendo huo wageni wa Jumamosi wangewakuta bado wako kwenye mpendwa.

"Funika," Mama akashauri. "Shonea mfuko juu yake. Mwalimu hakosi kalamu ya kuweka. Nani atachungulia nyuma ya mfuko?"

Fundi akafikiri. Hata akachukua utepe, akapima. Kisha akauweka chini.

"Nimeshafunika mara moja, Mama. Ndiyo maana tuko hapa."

Mama akaukunja utepe. Macho yake yakakimbilia mlangoni, upande wa koridoni, na Fundi akajua anapima: kochi kubwa ukuta huu, madogo ukuta ule.

Shemeji alikuwa ameivua ile fulana na kuigeuza ndani nje. Akawa anapitisha kiganja nyuma ya yale maandishi, mbele, nyuma, uso umetulia kwa namna ambayo Fundi alikuwa hajawahi kuiona nje ya duka lake.

"Hizi ni nywele," akasema.

"Nini?"

"Huku nyuma. Gusa. Fupi, ngumu, zimelala upande mmoja. Nywele za mtu mbishi. Nileteeni zote dukani."

Wakavuka barabara na fulana mikononi. Shemeji akaketi, akatandika ya kwanza juu ya paja, mgongo wa maandishi juu, akachagua mashine yake ndogo kabisa, ile ya kuchonga ukingo wa paji la uso, akaiwasha. Akaipitisha juu ya uzi wa nyuma kwa mkono mwepesi, bila kukandamiza, kama anayenyoa kichanga. Vumbi jekundu likaanza kuanguka. Fundi alikuwa amenyoosha mkono tayari. Alipopewa, akageuza upande wa mbele, akapitisha ukucha, na HATARI yote ikatoka kama unyoya wa kuku aliyemwagiwa maji ya moto.

Akapiga kigelegele kabla hajajua.

Kuanzia hapo ikawa kiwanda. Shemeji ananyoa, Fundi anang'oa na kupiga mvuke wa pasi ili vitundu vya sindano vifumbe, na Mama, aliyejipatia kile kiti kikubwa kinachozunguka, anapiga brashi ya shingoni.

"Anayefuata!" Shemeji akaita. "Huyu mheshimiwa tumtoe vipi?"

"Toa ndevu tu," Fundi akajibu. "Kichwa kiache."

"Mama, mpake mteja spiriti."

"Mpake wewe, mimi ni mkurugenzi," Mama akasema, akajizungusha kidogo na kiti.

Ilikuwa imebaki moja tu, ile kubwa kuliko zote, imelala kwenye mkono wa kiti ikingoja zamu, pazia la mlangoni liliposogea. Mguu mmoja mwepesi, mmoja mzito. Bwana Breki alikuwa amekuja kunyoa, apendeze kesho.

Akasimama. Akaangalia sakafu iliyojaa vumbi jekundu. Akaangalia rundo.

"Mbona fulana zangu ziko kwa kinyozi?"

"Zinanyolewa," Mama akasema.

Hakuna aliyecheka. Bwana Breki akainyakua ile kubwa kabla Fundi hajanyoosha mkono, akaisogeza kwenye taa, akasoma. Midomo ilicheza pole pole: hatari, mpendwa, una. Fundi akaona chumba cha mbele kinajaa makochi, moja baada ya jingine, na mashine yake inatoka nje kwa mkokoteni.

"Kosa ni langu, Mwalimu," akasema, kwani maneno yakikaa sana mdomoni huchacha. "Kompyuta ilikuwa inatoa maonyo ya uongo. Nikayafunika kwa kiraka nisiyaone, nikapiga picha ya nembo yako na yenyewe yakaingia. Nimezishona zote hivyo. Sasa tunayatoa. Hiyo ya kwako ndiyo ya mwisho."

"Kama nisingekuja kunyoa, ungeniambia?"

"Ningekwambia. Pale palipokuwa na maandishi, jicho halioni kitu, lakini ukiweka kidole utasikia ugumu kidogo. Siwezi kukupa nguo halafu kidole chako kije kunisengenya."

Bwana Breki akachukua fulana iliyokwisha nyolewa, akaweka kidole. Akapapasa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akarudi mlangoni, akavuta pazia mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini kabisa.

"Ni nani aliyewaambia?"

"Kuhusu nini, Mwalimu?"

"Kompyuta ya ofisini kwangu. Maneno haya haya. Mpendwa, virusi vitano, fuvu." Akajifuta jasho kwa fulana, akakumbuka ni fulana gani, akaiondoa usoni haraka. "Niliichomoa umeme. Nikaifunga turubai la gari, nikaiweka stoo peke yake, isije ikaambukiza ile ya karani. Mitihani yangu yote ya alama za barabarani imo mle! Kesho wageni wanataka kuona wanafunzi wanavyoifanya. Kila mtu nimemwambia fundi yuko njiani. Hakuna fundi. Naogopa kuipeleka, wataniuliza ilianzaje."

"Ilianzaje?" Shemeji akauliza, kwa upole kama wa shangazi.

Bwana Breki akaangalia dari. "Kulikuwa na mechi."

"Penalti?"

"Kona."

Mama akaficha uso kwenye brashi. Shemeji akampa Bwana Breki mkono, kwa heshima zote, kama watu wanaozikana. Fundi peke yake ndiye ambaye hakucheka. Yeye alikuwa anachomoa pasi.

"Twende, Mwalimu," akasema. "Sasa hivi, kabla hujafunga ofisi."

"Unajua kuitibu?"

"Haiumwi. Twende."

"Nami naja," Mama akasema, akishuka kwenye kiti kwa shida ya mtu anayeacha madaraka. "Mkamwana wangu hapelekwi ofisi za watu na mimi nimekaa. Na wewe," akamwambia mwanawe, "mnyoe huyo mkubwa vizuri. Ukimkata, utajua mimi ndiye niliyekuzaa."

Chuo hakikuwa mbali, kona moja tu. Wakaitoa kompyuta stoo, wakaifungua turubai, wakaiweka mezani chini ya bango kubwa la alama za barabarani. Ilipowaka tu, vijisanduku vyekundu vikamiminika, na Bwana Breki akarudi nyuma hatua nzima, mguu wa kulia ukitafuta breki sakafuni. Fundi akaingia kwenye mipangilio, akafika kwenye Arifa, na hapo akaikuta ile ile, tovuti ya mpira wa bure, miguu juu ya meza. Akasogea pembeni.

"Bonyeza Ondoa, Mwalimu."

"Nibonyeze? Si ndicho walichokuwa wanataka muda wote?"

"Wao walitaka ubonyeze chao. Hiki ni chako mwenyewe. Na siku nyingine ukiulizwa, ruhusu au zuia, mpira usimame kwanza. Usome."

Bwana Breki akanyoosha kidole kimoja, taratibu, kama anayegusa chungu cha moto. Akabonyeza. Skrini ikatulia. Wakaamsha programu ya ulinzi, wakangoja, ikarudi na habari njema, na mitihani yote ya alama za barabarani ilikuwa palepale ilipoachwa, hata moja haijapotea. Mtu mzima akaruka. Akampigia karani simu, akamwambia kwamba fundi amefika, tena ni fundi hasa, kisha akakata kabla hajaulizwa maswali.

"Sasa," akasema, akijipangusa. "Fulana nazichukua asubuhi. Ya kwangu nitaipapasa mwenyewe. Na zile za wanafunzi, na vizibao, niwaletee wapi? Kwa kinyozi?"

Fundi akajifuta mikono kwenye gauni. Jibu halikuwa lake. Akatazama chini, kwenye vidole vyake vilivyojaa vinyuzi vyekundu.

"Chumba cha mbele," Mama akasema.

Alikuwa amewapa mgongo, anasoma lile bango la alama kama anayechagua kitambaa.

"Nyumba inayotazamana na kinyozi, mlango wa kushoto. Ila ufute viatu, Mwalimu. Tunafanya kazi pale."

Fundi aliisikia ile "tunafanya" ikimshuka kifuani kama chai ya tangawizi, hii ya sukari ya kweli. Aliuliza walipokuwa njiani kurudi, bega kwa bega, watu wakifunga maduka yao kushoto na kulia.

"Na makochi, Mama?"

"Wateja wa mwanangu kinyozi wakingoja zamu wanakalia ndoo kama wanakamua ng'ombe. Atayachukua. Lakini nina masharti."

"Sema."

"Kiti changu kikae dirishani. Hiyo taa yako inanichoma macho."

"Kitakaa."

"Mkasi wangu asiguse mtu."

"Asiguse."

"Na siku za kazi nyingi nisije nikaitwa kuosha vyombo."

"Mama, nani amewahi kukuita wewe kuosha vyombo?"

"Nasema mapema," Mama akajibu, akashika mkono wa mkwe wake kuvuka barabara. Upande wa pili, Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, ameinua ile fulana kubwa juu kwa mikono miwili, safi, usukani mtupu, anaizungusha huku na huku barabara nzima imwone.